Dar hadi London kwa Asiyejua

Anza na kikokotoo. Dar es Salaam hadi London, ukipiga mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,500. Ndege kubwa hukimbia kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya. Umepata mwendo wa saa nane na dakika ishirini. Iandike vizuri hesabu hiyo, maana hutaitumia tena.

Sasa fungua ramani. Tiketi uliyoimudu inapitia Doha, kwa hiyo kilomita zimekuwa 9,000 hivi na saa za angani zimepita kumi na mbili. Bado kukaa Doha. Yenye kungoja saa mbili ina bei. Yenye kungoja saa kumi na moja ina nafuu. Chukua ya nafuu kama wenzako. Jizoeze kulala umekumbatia mkoba.

Soma tiketi polepole, hapa ndipo watu huachwa. Imeandikwa Jumanne, 00:40. Kwetu hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne. Rudia: wa kuamkia. Jumatatu jioni, unapokula ugali kwa raha ukijua safari ni kesho, ndipo ulipotakiwa uwe barabarani. Utamwambia mjomba. Mjomba atasema, "Jumanne usiku, bwana, tulia." Mwenye gari ni mjomba. Utatulia. Ongeza basi siku moja kwenye ile hesabu ya kikokotoo, pamoja na faini ya kubadili tarehe.

Begi lipime nyumbani. Azima mizani ya jirani anayepunguza mwili. Panda peke yako, kisha panda na begi, toa. Kilo 23 kamili. Usishangilie. Saa moja kabla ya kuondoka atatokea mama mdogo na "kifurushi kidogo tu" cha mwanawe: dagaa wa Kigoma waliofungwa kwenye magazeti, na juu yake mfuko wa rambo uliopigwa fundo tatu. Kifurushi hakikataliwi. Hakipimwi. Hakifunguliwi mbele ya aliyekileta. Kaunta ikisoma kilo 27, toa koti ulivae, toa na la pili. Ndiyo, Dar, mwezi wa Desemba. Usifute jasho mbele ya ofisa.

Ukifika, rekebisha saa. Wakati wa baridi London iko nyuma yetu kwa saa tatu. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa mbili. Usijaribu kuwaeleza nyumbani. Watapiga saa kumi na mbili asubuhi yao, nawe utapokea saa tisa usiku na kuapa kwamba hukuwa umelala. Watakupa pole ya safari mmoja mmoja, kwa zamu. Simu ikimfikia mama mdogo, jiandae: atataka kujua kama dagaa hawakulowa.