Godoro Langu Liko Foleni

Jioni ya siku yangu ya tatu Tunduma nilipanda bodaboda kwenda kulisalimia godoro langu. Lilikuwa Mpemba, ndani ya fuso, na fuso lilikuwa ndani ya foleni. Dereva alinikaribisha chai ya rangi. Utingo akasogeza turubai kidogo, akanionyesha kwa kidole kipande cha kitambaa chenye maua. "Lile pale, mzee. Halina shida." Nikaliangalia, nikashukuru, nikarudi gesti.

Wacha nieleze nilifikaje hapo.

Mimi ni mhariri wa vitabu. Kazi yangu ni kuondoa koma za watu, na koma huondoka popote penye umeme na intaneti. Kwa miaka minane niliziondoa nikiwa Kimara, Dar es Salaam, katika chumba na sebule, choo ndani, LUKU ya kuchangia wapangaji wanne. Aliyewahi kuchangia LUKU anajua kwamba ujirani mwema huishia kwenye pasi. Kila uniti zilipokata kabla ya siku zake tuliitana kikao kumtafuta mwenye jiko la umeme, na kila mmoja wetu alikuwa nalo. Mwaka 2021 kodi ya majengo nayo ikaanza kukatwa humohumo kwenye LUKU, tukawa tunamlipa baba mwenye nyumba kodi ya nyumba yake na papo hapo tunamlipia kodi ya nyumba yake. Kiswahili kimeyapa mambo haya mawili neno moja, na mpangaji wa Kimara haoni kosa lolote la lugha hapo.

Siku moja baba mwenye nyumba akaja na habari: chumba cha laki mbili sasa kitakuwa cha laki mbili na themanini, miezi sita mbele kama kawaida. Nikamuuliza kimeongezeka nini. Akatazama dari, akatazama ukuta, akajibu: "Mwendokasi." Yale mabasi yanapita Kimara tangu 2016. Kutoka kwangu hadi kituoni ni dakika ishirini na tano kwa miguu, kama hujabeba kitu.

Nikatafuta dalali. Dalali wa Dar hulipwa hela ya kukuonyesha, upende usipende, na ukipenda hulipwa kodi ya mwezi mzima juu yake. Huyu wangu alinionyesha vyumba vinne kwa siku mbili. Cha nne kilikuwa changu mwenyewe, kimeshatangazwa kwa laki tatu.

Usiku ule nikafungua daftari. Nina rafiki niliyesoma naye, ni wakala wa forodha Tunduma, na alikuwa ameshanitumia picha za nyumba: vyumba viwili, sebule, jiko, baraza la kukaa mtu na jirani yake. Laki na ishirini kwa mwezi. Nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto Dar: milioni moja laki sita na elfu themanini kwa miezi sita. Kulia Tunduma: laki saba na ishirini. Tofauti, laki tisa na elfu sitini. Nikaipigia mstari mara mbili, kama wafanyavyo wahasibu na watu ambao hawajawahi kuhama.

Kwa mtu wa Dar, chochote kilicho nje ya Dar ni "mkoani", na mkoani ni mahali penye kuku, hewa safi na watu wanaosubiri uwaletee habari za mjini. Mimi nilikuwa mtu huyo. Shangazi yangu ndiye pekee aliyeuliza Songwe, mkoa wenye Tunduma, iko wapi hasa. Nikamweleza kwamba ni mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu Vwawa. Akaitikia kwamba ameelewa, na wiki mbili baadaye akanitumia dagaa kwa basi. Dagaa walifika Songea.

Nisimcheke, maana mimi mwenyewe nilikosea kwa ndege. Mlima Kitonga nauogopa tangu utotoni, na barabara ya kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo nilijipa moyo nikakata tiketi ya kwenda Uwanja wa Ndege wa Songwe. Niliposhuka nikampigia rafiki: "Nimefika Songwe."

"Songwe ipi?"

Nilidhani ananitania. Kumbe lilikuwa swali la haki. Kuna Mkoa wa Songwe. Ndani yake kuna Wilaya ya Songwe, ambayo haina Vwawa wala Tunduma. Makao yake ni Mkwajuni. Kuna Mto Songwe unaotutenganisha na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa, na kuna Mto Songwe mwingine unaokwenda zake Ziwa Rukwa. Na kuna uwanja wa ndege wa Songwe, ambao uko Mkoa wa Mbeya, upande wa Mbalizi. Ulianza kazi 2012, wakati mkoa wenye jina hilo haujazaliwa, kwa hiyo hauna kosa. Mwenye kosa alikuwa nje ya geti na begi lake, akiuliza bei ya gari la Tunduma.

Vyombo nilikuwa nimeviweka kwenye fuso la mtoto wa jirani, lililokuwa likipeleka ndoo za plastiki Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Rafiki aliniuliza kwa nini sikuvileta kwa reli. TAZARA hii, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapahapa Tunduma. Sikuwa na jibu. Daftari langu lilisema "fuso, 350,000", na daftari halijadili.

Sasa, foleni ya Tunduma. Mtu wa Dar ukimwambia foleni anafikiria Ubungo saa kumi na mbili jioni, honi, jasho, mwuza karanga. Hiyo ni foleni ya kupita. Ya Tunduma watu wanakaa. Sehemu kubwa ya mizigo ya Zambia na Kongo inayotoka bandari ya Dar hupita hapa: mafuta na mbolea zinapanda, shaba inashuka. Tangu Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, gari hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili, lakini nadhani malori nayo yanasikiliza redio, yakazidi kuja. Ikijaa kweli, mkia unafika Mpemba. Chini ya matrela pana majiko ya mkaa yanayochemka. Nguo zinaanikwa kwenye vioo vya pembeni. Mama ntilie anajua dereva yupi hali maharage. Nilimkuta Mkongo mmoja ananyolewa ndevu kwenye kiti cha plastiki katikati ya barabara kuu ya kimataifa, na kinyozi hakuwa na haraka.

"Shusheni vitu vyangu tu," nilimwambia dereva. "Nyumba iko hapo mbele. Nitakodi guta."

"Vyako vilipakiwa kwanza, mzee. Viko mbele kabisa, vimeegemea kabini. Mpaka tushushe ndoo zote."

"Basi toka kwenye foleni kidogo."

Utingo alicheka mpaka akashika tairi. Kutoka kwenye foleni ni kama kunyanyuka kwenye kiti msibani: ukirudi kina mwenyewe.

Kodi ya nyumba nilikuwa nimeshalipa. Lakini mwezi ulikuwa Juni, na Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya saruji mwezi wa Juni huku hailaliwi na mtu aliyetoka Kimara na shuka moja. Nikalala gesti usiku nne, elfu kumi na tano kila usiku, katikati ya madereva waliokuwa wakiamka saa tisa kuuliza kama mstari umesogea. Hata mimi nilianza kuamka kuuliza.

Ili kunituliza, Jumapili ile rafiki alinipeleka kukiona kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Tani 16 hivi za chuma, urefu mita tatu, kimelala tu. Wanasayansi walikuja kukijua 1930. Wanyiha walikuwa nacho siku nyingi. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilisimama nikikihusudu. Ni mkazi wa mkoa huu aliyehamia bila dalali wala fuso, na tangu atue hajaambiwa mwendokasi.

Siku ya tano vitu vikafika. Majirani walinisaidia kushusha, wakipokezana maneno ya karibu, mpaka ilipotoka feni. Kazi ikasimama. Ni feni ya kusimama, nzuri, ya kasi tatu. Mtoto mmoja aliuliza ni ya nini. Baba yake, ambaye alikuwa amevaa koti juu ya koti, alinitazama kwa huruma aliyoificha vizuri. "Mwalimu ametoka Dar," akasema. Huku mtu mwenye maboksi ya vitabu ni mwalimu, na sijapata nafasi ya kukanusha. Jioni ile nikaiwasha ili waone inavyogeuza shingo. Waliona. Wakaomba niizime.

Utingo alikuwa ameniachia ndoo moja yenye ufa, zawadi ya kuhamia. Niliipokea kwa kucheka, na kesho yake nikatamani angeniachia kumi zisizo na ufa. Bomba la uani kwetu lilikuwepo, limepakwa rangi, lina na koki. Nilipolifungua lilitoa pumzi. Mama mwenye nyumba alinieleza bila aibu yoyote, kama mtu anayekusomea ratiba ya ibada: shida ya maji Tunduma ni ya siku nyingi, bomba hutoka likijisikia, na kijana wa madumu hupita saa moja asubuhi. Dumu la lita 20 shilingi mia tano. Madumu manne kwa siku, nikiwa mtu mmoja asiyefua mapazia.

Fanya hesabu. Mimi sikuifanya mpaka mwezi wa pili.

Kisha kuna simu. Nyumba yangu inatazama Nakonde. Ukikaa barazani unaona mapaa ya Zambia. Simu nayo inayaona. Usiku wa kwanza kwenye godoro langu mwenyewe, nimejifunika mablanketi mawili, ujumbe ukaingia: Karibu Zambia. Bando likaisha hapohapo, maana lilikuwa la Tanzania na simu ilikuwa imevuka mpaka bila pasipoti. Hilo nililivumilia. Ambalo sikulijua ni kwamba simu ikishika mnara wa wenzetu, hushika na saa yao, na Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja.

Nilikuwa na kikao cha mtandaoni na wachapishaji Dar, saa nne kamili. Niliamka mapema, nikanyoa, nikavaa shati juu ya sweta ili nionekane mtu wa mjini. Simu ikisema saa tatu na dakika hamsini nikaketi na chai yangu, nikajiunga. Nikamkuta mtu mmoja tu, dada wa masijala, anakusanya karatasi.

"Shikamoo, kaka. Tumemaliza."

"Mmemaliza nini? Bado dakika kumi."

"Kaka, ni saa tano kasoro dakika kumi. Kwani uko nchi gani?"

Nilitazama mapaa ya mabati ng'ambo. Lilikuwa swali la haki, la pili.

La noti nitalisema haraka kwa sababu linaniuma. Niliambiwa mablanketi ya Nakonde ni mazito zaidi. Njiani kijana akanichenjia fedha, noti safi ya kwacha elfu hamsini kwa shilingi elfu thelathini tu. Nikaona kijana huyu hajui hesabu, nikaondoka upesi kabla hajajua. Mama wa duka, Mzambia mwenye Kiswahili kinyoofu, aliigeuza noti mara mbili. "Baba, hizi tuliziacha. Tulikata sifuri tatu tangu 2013." Mhariri mzima, mtu anayelipwa kuona yaliyozidi kwenye ukurasa, nilishindwa kuona sifuri tatu.

Miezi sita ilipotimia nikafungua daftari tena. Ndege na gari la kutoka uwanjani, 210,000. Fuso, 350,000. Gesti, 60,000. Maji, 360,000. Noti, 30,000. Jumla milioni moja na elfu kumi. Nilichookoa kwenye kodi kilikuwa 960,000. Hasara elfu hamsini kamili. Ile noti yangu ingeifuta, kama ingekuwa pesa. Sweta sikuiandika. Sweta ni nguo.

Lakini ndege hailipwi mara mbili, wala fuso. Nikahesabu miezi sita mingine, maji yakiwa palepale, nikapata faida ya laki sita. Na kuna mambo ambayo sikuyatafutia safu: baraza, jirani wa makoti mawili anayekuja kila jioni na mahindi ya kuchoma, na LUKU ambayo nikisikia inalia najua mwizi ni mimi. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba na fedha yangu mkononi. Akanikaribisha, akanipa kahawa ya Mbozi, akauliza habari za shangazi na dagaa wake. Kisha akasema kwa upole:

"Kodi imepanda kidogo, mwalimu. Laki na arobaini. Siku hizi watu wa Dar wanahamia sana huku."

Mtaani kwetu mtu wa Dar ni mmoja. Nikarudi nyumbani, nikahesabu upya, zikabaki laki nne na themanini. Nikalipa.

Feni naiuza. Imetumika jioni moja, tena kwa kuangaliwa tu. Mnunuzi aje na gari lake, na asije kwa saa ya simu.