Boneti Isiyotaka Kufunga

Hesabu ya gari dogo la kuunganishwa vipande haina huruma. Katika kipimo cha 1/24, mwanya wa milimita 1 kati ya boneti na madgadi ni sentimita 2.4 kwenye gari lenyewe; kidole gumba kinapita humo kwa raha zake. Tuchukue Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ambayo watengenezaji wa modeli Hasegawa wa Japani waliitoa kwa kipimo hicho, urefu wake kama sentimita 17. Mtu akifungua boksi hukimbilia taa, mikanda ya viti, vijichuma vya kuunganishwa kwa kibanio na supaglu. Bodi anaiwekea gundi mwisho, ndipo agundue haikai juu ya chesisi. Anaikandamiza, inalia “tak!”, na taa aliyoihangaikia jioni nzima inarukia uvunguni mwa kabati. Nashikilia kwamba mapambo yasubiri: kwanza vipande vikalishwe bila gundi, vimulikwe kwa taa, na pale panapogoma papigwe msasa kidogo kidogo. Tena ibaki nafasi ya rangi. Rangi ya milimita 0.1 kwenye kila ukingo hula milimita 0.2 za mwanya, hivyo boneti iliyofunga vizuri asubuhi hugoma jioni. Na kwa kipimo cha gari halisi, rangi hiyo ina unene wa milimita 2.4, yaani gari limepigwa plasta.

Wapo wanaosema hakuna atakayeona. Ataona, tena akiwa bado mlangoni, kwa sababu jicho hulitambua gari kwa mistari yake kabla ya kufikia vifungo vya mikanda, ambavyo hata mwenye gari huvitafuta kwa miwani. Hoja nzito zaidi ni kwamba magari ya Safari yalirudi Nairobi yamebondeka, basi kupinda ndio ukweli wenyewe. Kubondeka nakubali. Lakini jiwe la barabarani hupiga mbele na chini, na hupiga kitu kilichokuwa kimefunga. Sijui jiwe linaloweza kuinua bodi kwa usawa pembe zote nne. Tope nalo, lile linalopakwa harakaharaka kuziba kiungo, hujisemea lenyewe: limejaa paani, na matairi yanang’aa.