Jinsi ya Kuhakiki Tamthilia Mpya Ukiwa Bweri

Kwanza, usiitazame. Mhakiki hodari wa sehemu ya kwanza ni yule aliyeona tangazo lake saluni: binti anashuka kwenye gari jeupe, kavaa miwani ya jua, muziki unalia, basi. Yanatosha hayo. Ukikaa mbele ya televisheni mpaka mwisho utaanza kuwahurumia wahusika, na huruma inapunguza makali.

Usidhani kuhukumu bila kutazama ni utovu wa adabu, mkoa wetu wa Mara una historia ya jambo hilo. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliipenda michezo ya kuigiza kiasi cha kutafsiri miwili ya Shakespeare, lakini televisheni aliihukumu kabla haijaonyesha chochote: anasa. Wazanzibari walikuwa na picha za rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza, Mwalimu akiwa ameshang'atuka miaka tisa. Mhakiki gani wa leo anaweza kuchelewesha sehemu ya kwanza kiasi hicho?

Uhakiki wako usiupeleke magazetini. Kurasa za burudani zinataka kujua mwigizaji kaachana na nani. Nenda stendi ya Bweri, hapa Musoma, asubuhi, uingie kwenye basi la Mwanza ambalo halijajaa. Abiria wameshalipa nauli, hawana pa kukimbilia.

Fungua kwa kusema, "Enzi za Kaole hakukuwa na upuuzi huu." Watu wazima wote wataitikia kwa kichwa. Sema hivyo hata kama akina Kanumba, Ray na Johari wanaigiza na kundi la Kaole wewe ulikuwa hujaota meno. Ila usikubali kuulizwa kisa cha hata mchezo mmoja wa wakati ule.

Baada ya hapo kosa litafute kulingana na mali iliyopo. Tamthilia ya Siri ya Mtungi ilipoanza mwaka 2012, na yule Cheche mpiga picha wa Bagamoyo, picha za tamthilia zilikuwa safi na hadithi imeshonwa vizuri. Jibu lilikuwa moja tu, kwamba inafundisha mno, afya ya uzazi tumeshaisikia zahanati. Ikija Huba au Jua Kali ya mwongozaji Lamata, geuza kibao: haifundishi kitu, na nani Tanzania hii anaishi kwenye jumba kama lile? Lamata huyohuyo akikuletea Kombolela, yenye maisha ya uswahilini, uliza kwa uchungu kwa nini ulipie kifurushi uone majirani. Akitokea mjuaji akasema hoja zako zinapingana, mwambie hajui sanaa.

Tamthilia za nje zihurumie. Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011, ilituletea mama wakwe wa Beijing wanaogombana kwa Kiswahili, na hakuna aliyeuliza nyumba zao zinafananaje na zetu. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam. Kwa tamthilia ya Kibongo hatujafika huko; wanaoihakiki ni mimi, wewe na kondakta.

Umeme ukikatika katikati ya sehemu ya kwanza, shukuru. Mwisho ambao hukuuona ndio unaohukumika kwa uhuru zaidi. Sema ulijua tangu mwanzo kwamba yule dada ni mtoto wa nje wa tajiri. Mara nyingi utapatia, na hapo, kwa kweli, waandishi wetu wana lao la kujibu.

Kuna hatari moja. Tamthilia uliyoizika sehemu ya kwanza inaweza kufika ya mia mbili, nyumba nzima ikisahau ugali jikoni. Usiingie sebuleni kwa kishindo. Simama mlangoni na funguo mkononi, kama unayepita. Wakikuuliza umemjuaje shangazi wa steringi kwa jina, sema huwa unawasikia watoto wakimtaja. Kisha waombe wasogee kidogo, wanakuziba.