Shangazi Zangu wa Yiwu

Nilikimbia maswali ya shangazi zangu wa Tanga, nikaenda kuangukia Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang inakotoka mizigo ya vibanio, maua ya plastiki na miavuli inayouzwa Kariakoo. Wenye maduka wa soko la Futian wanataka Kiingereza cha kubishania bei, mimi nataka Kichina. Basi jioni tunabadilishana nyuma ya duka la zipu. Malipo ni chakula.

Sasa waambie wazungumze. Kimya! Watu wazima hawa, wanaouza makontena kwa kikokotoo tu, hawafungui mdomo mpaka sentensi iwe imeiva kichwani, maana kukosea mbele za watu ni aibu. Nikiuliza jana walifanya nini, wanainamia madaftari kama wanaosubiri sindano. Kichina hakibadilishi kitenzi kwa sababu ya jana, kwa hiyo wananiona mchokozi.

Majina ya Kiingereza wanajipa wenyewe, na mengine ni ya matunda na hali ya hewa. Hapo nanyamaza. Mtu aliyetoka nchi ya akina Goodluck, Happiness na Godlisten hana ubavu wa kucheka jina la mwenzake.

Lakini ngoja nifunge kitabu, sahani zije! Mwalimu, una miaka mingapi? Unalipwa kiasi gani? Mbona hujaoa? Kiingereza kimenyooka, hakuna anayetafuta neno. Siku moja nikakataa kutaja umri. Mama mwenye zipu akaniuliza kwa upole nilizaliwa mwaka wa mnyama gani. Nikaona hilo halina madhara, nikasema Sungura. Kumbe wanyama ni 12 tu na wanazunguka. Ukishamtaja wako, kilichobaki ni kukutazama usoni na kuamua kama una 26, 38 au 50. Mzee wa miavuli alipendekeza 50.

Chakula chenyewe nacho ni mtihani. Mama yangu alinifunza kutobakiza. Hapa ukimaliza sahani umeomba nyingine, na mwenyeji anakurundikia kwa vijiti vyake. Ukiugua mafua, unaletewa maji ya moto. Kiuno, maji ya moto. Hayana majani wala sukari! Kwetu hayo ni ya kuoga.

Nami nikawapa salamu zetu: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Mwenye zipu akauliza biashara inaanza saa ngapi. Na hawa ndio watu wanaokusalimu kwa kuuliza umekula, halafu wanapita zao! Kwetu anayeuliza hivyo ana sufuria jikoni.

Juzi wamefungua kundi la WeChat la kunitafutia mchumba. Wanaandikiana kwa Kiingereza ili nami nifuatilie: binti alisoma wapi, alifanya kazi gani, alikataa wangapi. Nimepitia ujumbe wote kwa kalamu nyekundu mkononi. Kitenzi cha jana hakijakosewa hata kimoja.