Adabu ya Kununua Gari la Mkononi: Mhadhara Ambao Hamkuuomba

Mabibi na mabwana, makofi baadaye. Hoja yangu ni moja, na wataalamu wenzangu, kama ningekuwa nao, wangeiogopa: anayeua uaminifu katika mauziano ya mtu na mtu ni mnunuzi. Ndiye anayekuja na fundi. Ndiye anayeinama, suruali ikimbana, kulinganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, na mwenye gari amesimama palepale na soda aliyomnunulia!

Ushahidi ninao. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anaujua ubovu wa gari lake, mnunuzi haujui. Basi mnunuzi hutaja bei ya kati kwa wasiwasi, wenye magari mazima huona wanapunjwa wakajitoa, sokoni ikabaki mikweche. Mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba makala ile ilikataliwa kwanza na majarida matatu. Yangu imekataliwa na kumi na moja! Hesabu hiyo haihitaji ufafanuzi. Akerlof ametaja pia dhamana kama dawa, ila hapo nilisoma harakaharaka. Dawa yangu ni nyepesi: wasiwasi ukiondoka, bei inapanda, na kila muuzaji anakuwa mwaminifu kwa furaha.

Wapo watakaodai sheria inamlinda mnunuzi. Waongo! Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 ya uuzaji wa mali, humbana juu ya ubora wa mali yule anayefanya biashara ya mali hiyo. Mtu binafsi anayeuza gari lake habanwi hivyo. Ni juu ya mnunuzi kukagua. Yaani... hoja hii niliiandaa kwa upande wangu, tuiache ilipo. Wengine watanirushia ile ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeitunga hakuujua udalali, fani niliyoitumikia miaka ishirini, tena kwa asilimia kumi tu.

Maswali nitayapokea nje, chini ya mwembe, kwenye lile gari la kijani. Halina shida yoyote, ni kuwasha na kuondoka. Vijana wanne wenye nguvu wasimame nyuma yake.