Naombea Bratislava Kiti Kimoja

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Usimamizi la Volkswagen, Wolfsburg, Ujerumani

Mheshimiwa,

Naomba radhi. Mimi si mwanahisa wako wala mfanyakazi wako, na hatujawahi kuonana. Ni mwandishi tu wa Mombasa, na huku kwetu mdogo haingilii mazungumzo ya wakubwa mpaka apige hodi. Basi hodi, Mheshimiwa. Nimekuja kuwaombea watu wengine kiti kimoja, na kabla sijakitaja naomba idhini ya kuusifu mji wao.

Mji wenyewe ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, unaopakana na nchi mbili kwa mpigo: Austria na Hungaria. Kiwanda chako kiko Devínska Nová Ves, pembezoni mwa mji, jirani na mto Morava. Ng'ambo ya mto ni Austria. Hadi mwaka 1989 ukingo huo ulizungushiwa nyaya na kulindwa kwa bunduki, na wapo waliouawa wakijaribu kuuvuka. Leo pana daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, lililofunguliwa mwaka 2012 na kupewa jina la Uhuru. Vienna iko mwendo wa karibu saa moja kwa gari.

Kampuni yako ilifika pale mwaka 1991, nyaya zikiwa ndiyo kwanza zimeng'olewa, ikashika kiwanda cha BAZ kilichojengwa enzi za ukomunisti. Mwaka 1992 wafanyakazi wa pale wakaunda gari la Passat. Mwaka 2002 wakakabidhiwa Touareg, baadaye Audi Q7. Hata Porsche Cayenne ilianzia mikononi mwao: bodi iliundwa na kupakwa rangi Bratislava, kisha ikapandishwa treni kwenda kumaliziwa Leipzig, Ujerumani. Hali ikawa hivyo kwa miaka kama 15, mpaka mwaka 2017 kazi yote ilipohamishiwa Bratislava. Naomba usinione mtovu wa adabu nikisema kwamba safari hiyo ya treni hunisumbua. Mikono iliyoaminiwa chuma na rangi ya gari la bei ile ilichukua miaka 15 kuaminiwa kulimaliza.

Lakini kukua walikua. Kiwanda hicho kimewahi kutoa zaidi ya magari 400,000 kwa mwaka mmoja. Ukijumlisha na Kia ya Žilina, Stellantis ya Trnava na Jaguar Land Rover ya Nitra, Slovakia, nchi ya watu milioni tano na ushei, huunda takriban magari milioni moja kwa mwaka, na ukigawanya kwa idadi ya watu hakuna taifa linaloifikia. Hata Passat imerudi: toleo jipya linaundwa palepale. Kwa hayo nakushukuru kwa dhati. Kiwanda chako kimelisha nyumba nyingi, na si kila mgeni mwenye mtaji hukaa miaka 30 na zaidi.

Sasa, kwa ruhusa yako, nitaje jambo zito kidogo. Tarehe 20 Juni 2017 maelfu ya wafanyakazi wa Bratislava waligoma, mgomo wa kwanza tangu kampuni yako ifike. Waziri Mkuu Robert Fico mwenyewe aliuliza hadharani kwa nini watu wanaounda magari ya hadhi ya juu kabisa walipwe nusu au theluthi ya wanacholipwa wenzao wa Ulaya Magharibi, na hali mwajiri ni mmoja. Siku ya sita mkaafikiana nyongeza ya karibu asilimia 14, kwa awamu. Nawapongeza mlioketi mkayamaliza kwa maneno. Ila kinachonikaa moyoni si asilimia. Ni kwamba ilibidi watu watoke nje ya geti ndipo wasikike.

Kwenu Ujerumani mambo ni tofauti, na naona fahari kuyasifu. Baraza lako lina viti 20, na kumi ni vya wafanyakazi. Sheria ya Volkswagen inasema kiwanda hakijengwi wala hakihamishwi bila theluthi mbili za kura za baraza, kwa hiyo hakuna kiwanda kinachohamishwa wafanyakazi wote kumi wakikataa. Desemba 2024, mlipokubaliana kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani ifikapo mwaka 2030 bila kufunga viwanda mara moja, miongoni mwa waliozungumza upande wa pili walikuwamo watu wenye kura barazani. Hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Wanaopiga kura ya kujaza viti hivyo kumi, lakini, ni wafanyakazi walioko Ujerumani peke yao. Tarehe 18 Julai 2017, wiki tatu na siku chache baada ya mgomo kwisha, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika kesi iliyohusu kampuni ya TUI, ikasema utaratibu huo wa Ujerumani haupingani na sheria za Umoja. Naiheshimu hukumu hiyo. Mahakama imesema hamlazimiki, haikusema mmekatazwa.

Najua pia mna kamati ya wafanyakazi ya Ulaya na ya dunia nzima, na wajumbe wa Bratislava huitwa na kusikilizwa. Ni jambo jema. Lakini siku inapoamuliwa gari lipi liende kiwanda kipi, aliyesikilizwa hubaki nje ya mlango na mwenye kura huwa ndani. Jimbo la Niedersachsen lina viti kwa sababu ya hisa zake. Qatar vilevile ina watu wake barazani, kwa sababu ya mtaji wake. Sina kinyongo nao. Naomba tu, kwa unyenyekevu wote nilio nao, jasho la miaka zaidi ya 30 nalo lihesabiwe kuwa mtaji.

Basi haja yangu, Mheshimiwa, ndiyo hii. Viti vya upande wa wanahisa vinapokuwa wazi, tafadhali wapendekezee wanahisa wenzako kwamba kimoja apewe mfanyakazi atakayechaguliwa na wenzake wa viwanda vilivyo nje ya Ujerumani, na wa kwanza kukikalia atoke Bratislava.

Ukiniuliza haya yanamhusu nini mtu wa Mombasa, nitakujibu kwa adabu. Mwaka 2016 magari yako yalianza tena kuunganishwa Kenya, mjini Thika, na mwaka 2018 yakaanza kuunganishwa Kigali, Rwanda. Ilikuwa kazi ya kuunganisha vipande vilivyotoka mbali, kama ilivyokuwa Bratislava mwanzoni. Vijana wetu walioshika spana pale wanatamani kujua kazi hiyo huwafikisha watu wapi, na hawana pa kutazama ila Devínska Nová Ves.

Nasubiri jibu lako, hata likiwa la mstari mmoja, na nikipata la kukataa nitalipokea kwa heshima ileile.

Wako mtiifu,

Mwandishi, Mombasa