Himalaya kuanzia namba 7 hadi 1: Everest mkiani

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kama limekukera, endelea tu, utapata pa kunibana. Kipimo changu ni kimoja: jambo gani la Himalaya litamshangaza zaidi mtu aliyezoea Kilimanjaro? Kilimanjaro ni volkeno, umejengwa kwa moto uliotoka chini. Himalaya ni milima ya kukunjamana: bamba la India lilipoisukuma Asia, miamba ya katikati ilijikunja kama mkeka unaosukumwa ukutani. Mikunjo hiyo inaenda takriban kilomita 2,400, kutoka Nanga Parbat nchini Pakistan hadi Namcha Barwa kule Tibet.

7. Urefu wa Everest
Mita 8,848.86, kwa kipimo walichotangaza Nepal na China mwaka 2020. Kilimanjaro una 5,895. Tumeshindwa, tukubali yaishe. Ila namba hiyo kila mwanafunzi anayo kwenye daftari, na kinachojulikana na wote hakishangazi tena. Na K2 msiniletee hapa, hiyo iko Karakoram, safu ya jirani.
Hukumu: jina kubwa, mshangao mdogo.

6. Vilele vyenye miiko
Gangkhar Puensum wa Bhutan, mita 7,570, ndio mlima mrefu kuliko yote ambayo haijafikwa kileleni, na Bhutan imepiga marufuku upandaji milima tangu 2003. Kangchenjunga nao, George Band na Joe Brown waliufikia mwaka 1955 wakasimama hatua chache chini ya ncha, kwa sababu watu wa Sikkim waliahidiwa kwamba haitakanyagwa.
Hukumu: kupanda ni nguvu, kuishia hapo ni malezi.

5. Ukuta wa mvua
Pepo za kusi zinazopita pwani yetu huendelea hadi India zikiwa zimebeba maji. Himalaya inazizuia, zinapanda, zinapoa, zinamwaga. Nyuma ya ukuta, Tibet inabaki kavu.
Hukumu: upande mmoja mwavuli, upande wa pili vumbi.

4. Haijamaliza kusukumana
India bado inasogea kaskazini, sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka. Hapa utani nauweka pembeni: tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la 7.8 liliipiga Nepal, watu karibu 9,000 wakafa, na bonde la Kathmandu likasogea zaidi ya mita moja kuelekea kusini. Nguvu inayoinua vilele ndiyo hiyo hiyo inayoangusha nyumba.
Hukumu: anayeiita milima alama ya utulivu hajawauliza Wanepali.

3. Jirani aliyehama
Sasa mambo yananoga. Zamani za Gondwana, bara kuu la kale, India ilikuwa imeshikana na Madagaska, zote zikiwa ubavuni mwa Afrika. Ilijitenga na Madagaska miaka milioni 90 hivi iliyopita, ikakimbilia kaskazini, kuna wakati kwa zaidi ya sentimita 15 kwa mwaka. Kwa bara, hiyo ni mbio. Takriban miaka milioni 50 iliyopita ikaigonga Asia.
Hukumu: majahazi yetu yalipoanza safari za Gujarat, yalikuwa yanamfuata jirani wa zamani.

2. Bahari kileleni
Ncha ya Everest ni mwamba wa chokaa uliotandikwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wenye vipande vya visukuku vya viumbe wa majini. Mpandaji anafika pale na chupa ya oksijeni, na anachokikanyaga ni sakafu ya bahari.
Hukumu: najua wengi mngeupa namba 1. Ungeipata, kama si mto.

1. Kali Gandaki, mto uliogoma kuhama
Mito mingi huanzia mlimani ikateremka. Huu unaanzia nyuma ya milima, Mustang kule Nepal, kisha unaikata safu nzima na kupita kati ya Dhaulagiri (mita 8,167) na Annapurna (mita 8,091). Chini, maji yako kwenye mita 2,500 hivi tu. Yamepitaje? Wanajiolojia wanaeleza kwamba mto ulikuwepo kabla ya milima. Ardhi ikainuka, maji yakakata. Ikainuka tena, yakakata tena. Upepo wa mchana korongoni humo ni mkali kiasi kwamba ndege za mji wa Jomsom hupangwa asubuhi. Na ukiinama ukingoni mwa mto, unaweza kuokota jiwe jeusi la duara, ukalipasua, ukakuta ndani alama ya gamba la amonaiti, kiumbe wa kale wa baharini, mbavu zake nyembamba zikizunguka hadi katikati. Waumini wa Vishnu huyaita mawe hayo saligramu na kuyaheshimu sana.
Hukumu: mwenye mto mkaidi kuliko huu autaje.